Usinisifie Ng'ombe wa Mama, Mlipe Maziwa Yake

Makomredi, kuna siku mtu anapiga makofi huku anaibiwa. Nimeiona kwa macho yangu, na aliyekuwa anapiga makofi ni mama yangu mzazi.

Ilikuwa uwanjani huku kwetu Kinangop, baridi ile ya asubuhi inayofanya hata maikrofoni itetemeke. Mheshimiwa mmoja (simtaji, maana si yeye peke yake, wako wengi na wanatumia hotuba moja) alipewa kibuyu cha maziwa na kina mama waliovalishwa leso za rangi moja. Akanywa kidogo, akafuta mdomo, akasema: "Nyinyi ni watu wa maziwa. Huu ni urithi wenu. Ulindeni." Watu wakashangilia. Mama naye akashangilia. Na mama siku hiyo alikuwa anadai malipo ya maziwa ya miezi miwili. Miezi miwili! Maziwa yameshanyweka, yameshakuwa chai ya watu Nairobi, yameshakuwa mtindi na siagi, na aliyeyakamua bado anaambiwa "wiki ijayo".

Tukirudi nyumbani kwa miguu nikamuuliza, "Sasa mama ulikuwa unashangilia nini?" Akanijibu bila kunitazama: "Na ningenyamaza ningelipwa?"

Hilo jibu limenikaa kifuani tangu siku hiyo. Nimeliandikia makala hii.

Kwanza tuelewane kuhusu hili neno urithi, kwa sababu wanaolitumia jukwaani hawajui lilitoka wapi, au wanajua na wanatuchezea. Ukisikia Nyandarua ni kaunti ya maziwa usidhani Mungu alishusha ng'ombe wa Friesian kutoka mawinguni akawatua Ol Kalou. Nchi hii ilikuwa ya walowezi, ile sehemu waliyojiwekea wao wenyewe. Kampuni ya maziwa ya KCC iliundwa 1925, na ilikuwa ushirika wa walowezi. Yaani wazungu walijua nguvu ya ushirika kabla hatujaruhusiwa hata kusogea mlangoni. Walikusanya maziwa pamoja, wakauza pamoja, wakapanga bei pamoja, wakaishika serikali ya kikoloni koo. Mwafrika alikuwepo, ndiyo. Alikuwa mkamuaji. Alijua kiwele cha kila ng'ombe, alijua yupi anapiga teke na yupi anataka kuimbiwa, lakini ng'ombe wa aina hiyo hakuwa wake. Mpaka mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, ndipo serikali ya mkoloni ilianza kuwafungulia Waafrika kwa mpango rasmi kilimo cha pesa na ng'ombe wa gredi, tena kwa sababu ya woga, si kwa mapenzi.

Halafu ikaja miaka ya sitini na ile mipango ya kugawa mashamba, Ekari Milioni Moja, kuanzia 1962. Hapo ndipo babu na shosho wangu waliingia Kinangop. Na tusidanganyane, hawakupewa bure. Shamba lilikuwa mkopo. Ng'ombe alikuwa mkopo. Ng'ombe wa kwanza wa shosho aliitwa Loni. Sisi watoto tulidhani ni jina la kizungu la heshima kama Mary au Susan. Nilikuwa kidato cha pili ndiyo nikaelewa kwamba shosho alimwita ng'ombe wake Mkopo, ili kila asubuhi akimwita asisahau.

Loni alilipa. Maziwa yake yalienda sosaiti kwa mkebe juu ya punda, sosaiti ikakata pesa ya mkopo kabla shosho hajaona senti, kilichobaki ndicho kilichonunua unga na karo. Shosho alikamua saa kumi usiku akiwa na mimba, akakamua akiwa na homa, akakamua asubuhi ya mazishi ya babu kwa sababu ng'ombe hajui matanga. Hivyo ndivyo familia yetu ilinunua ardhi ambayo babu zetu walikuwa wamefukuzwa. Kwa hiyo mtu akisimama na kibuyu akaniambia nilinde urithi, mimi najua urithi wangu ni nini. Ni risiti. Tulilipa hii kitu. Hakuna aliyetupa.

Na hata baada ya uhuru mlango haukufunguka mara moja. KCC iliendelea na utaratibu wa kandarasi na mgao uliowapendelea wazalishaji wakubwa waliokuwemo tangu zamani, na mkulima mdogo akawa anapata bei ya chini kwa maziwa yaleyale meupe. Tume iliyoongozwa na Mwai Kibaki mwaka 1965 ndiyo iliyopendekeza mgao huo uondolewe. Sasa fikirieni: uhuru tumepata 1963, bendera inapepea, na bado kuna maziwa ya daraja la kwanza na maziwa ya daraja la pili kulingana na mwenye ng'ombe. Wazee wetu walipigania hiyo ndani ya vyama vya ushirika, kwenye mikutano mirefu ya kuchosha, na wakashinda.

Wakubwa wenu nyumbani wanakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti za pembe tatu, yaliyoanza 1979. Mjomba wangu mpaka leo akiongea juu yake macho yanalainika. Mimi nasema sawa, ilikuwa kitu kizuri, mtoto kunywa maziwa shuleni ni kitu kizuri na serikali yetu ikija tufanye. Lakini ulizeni pia nani alilipa. Mkulima alipeleka, KCC ikapeleka shuleni, na serikali ikawa mdaiwa asiyelipa kwa wakati. Ongeza usimamizi wa kuteuana, ongeza wizi. 1992 soko likafunguliwa, bei ikaachiliwa, na KCC ikaingia kwenye mashindano ikiwa tayari imebeba mzigo mgongoni. Kufika mwisho wa miaka ya tisini wakulima walikuwa wanadai na hawalipwi. Halafu ikauzwa kwa watu binafsi mwaka 2000. Mali iliyojengwa kwa maziwa ya mkulima!

Shosho alikuwa na madai yake pale. Alikufa na karatasi zake ndani ya mfuko wa Kimbo, zimekunjwa vizuri, mstari kwa mstari.

Kuna kitu nitakisema na wengine hapa watakasirika, maana sisi upinzani tumezoea kuona kila serikali ni takataka. Kibaki alipoingia, 2003, serikali yake iliirudisha KCC mikononi mwa umma. New KCC. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka vijiji vilivyoamka. Watu waliokuwa wameng'oa nepia wakapanda viazi walirudisha nepia. Sosaiti zilizokuwa zimebaki jina na kufuli zilifunguliwa. Ilifanyika. Kwa hiyo asije mtu akatuambia "hizi ni nguvu za soko, serikali haiwezi kitu". Tumeona serikali ikiweza. Wakitaka, wanaweza. Hasira yangu inatoka hapo.

Sasa tuje kwa hawa wa leo.

Hawa wamegundua njia rahisi: bei ya jukwaani. Rais anakuja, umati umejaa, anauliza "maziwa mnalipwa ngapi?", watu wanapiga kelele, anatangaza. Uhuru alifanya. Ruto akafanya, na kuanzia Machi 2024 tukaambiwa New KCC italipa shilingi 50 kwa lita. Magazeti yakaandika, mablogu ya serikali yakacheza ngoma. Mimi sina shida na shilingi 50, hata ingekuwa 60 ningepokea. Shida yangu ni kwamba tangazo la bei halifanani na bei. New KCC ni mnunuzi mmoja. Wanunuzi wengine hawakusimama pale uwanjani kuapa. Isitoshe sehemu kubwa ya maziwa ya nchi hii haipiti kiwandani kabisa, yanauzwa mbichi, kwa jirani, hotelini, kwa dalali wa pikipiki mwenye mtungi wa plastiki. Mpaka tangazo lifike kwa mama limekatwa pande zote kama mti wa Krismasi.

Hebu tufanye hesabu, na tuifanye kwa kumpendelea mheshimiwa. Tuchukulie ile 50 imefika yote. Mama ana ng'ombe wawili wanaokamuliwa, akishatoa ya chai na ya ndama anapeleka lita 12 kwa siku. Siku 30, lita 360. Hiyo ni shilingi 18,000. Inapendeza, si ndiyo? Sasa karatasi ya malipo: usafiri shilingi 3 kwa lita, 1,080. Makato ya sosaiti shilingi 2 kwa lita, 720. Magunia mawili ya chakula cha ng'ombe aliyochukua kwa mkopo stoo, 5,800. Chumvi, 600. Mwezi huo ng'ombe mmoja alikuwa na joto, akaitwa mtu wa kupandisha kwa mbegu, 1,500. Jumla ya kutolewa 9,700. Inabaki 8,300.

Gawanya kwa 30. Ni kama shilingi 277 kwa siku, na hapo hujamhesabia kuamka saa kumi na nusu, kukata nepia, kuteka maji, kusafisha zizi, kukamua mara ya pili jioni. Hujahesabu dawa ya minyoo. Hujahesabu daktari. Ng'ombe akishikwa na ugonjwa wa kiwele hiyo 8,300 inaisha siku moja, na maziwa yanamwagwa kwa sababu ya dawa. Halafu hiyo pesa yenyewe, hiyo 277 ya siku, inachelewa miezi miwili! Kwani kuna afisa yeyote wa serikali anayefanya kazi leo alipwe baada ya miezi miwili na ashukuru kwa leso?

Kuchelewesha malipo ni mkopo. Tuseme wazi. Mama anawakopesha wanunuzi wa maziwa bila riba, na huku yeye stoo anakopa chakula cha ng'ombe kwa bei ya juu. Mkulima maskini ndiye benki ya kiwanda. Ukishaiona hivyo huwezi tena kuiona vingine.

Na chakula cha ng'ombe ndiyo kisu chenyewe. Tukiulizwa kwa nini maziwa ya Uganda ni rahisi, tunapandisha hasira za mpaka. Wasee, tulieni. Yule mfugaji wa Mbarara si adui yako. Ana malisho, ng'ombe wake anakula majani, gharama yake ni ndogo. Sisi mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka ekari tano za babu zimekuwa robo robo, ng'ombe amefungiwa ndani, anakula gunia, na gunia bei yake inapanda kila mahindi yakipanda. 2023 walisimamisha uagizaji wa unga wa maziwa. Sawa. Gunia la chakula lilishuka? Halikushuka. Kufunga mpaka ni rahisi kuliko kuketi chini na watengenezaji wa chakula cha mifugo ukaulize kwa nini kuna gunia linalopandisha maziwa na lingine la bei ileile ni kama vumbi la mbao.

Nije kwa kitu kingine ambacho mkisikia mtacheka kidogo. Ule mtambo mkubwa wa kupoza maziwa, watu wa kwetu wanauita "kula". Ni Kizungu kimepita kwenye meno yetu kikatoka hivyo. Basi serikali inagawa kula. Kila mwanasiasa anataka apigwe picha na kula. Na jina, kwa kweli, limekutana na mwenyewe.

Sisemi mtambo ni mbaya. Maziwa ya jioni hapa kwetu zamani yalikuwa hayana soko, unakunywa, unampa mbwa, yaliyobaki yanaharibika. Mtambo wa kupoza unaweza kuokoa mkamuo mzima wa jioni. Lakini nimeshuhudia mmoja, umeletwa kwa king'ora, umepigwa rangi, utepe umekatwa. Umeme wa kuuendesha ukaja baadaye sana. Barabara ya kuufikia mvua ikinyesha ni matope ya magotini, punda wenyewe wanakataa. Na kamati iliyokabidhiwa hakuna mwanachama aliyeipigia kura. Ni watu wa mheshimiwa. Sasa huo ni mtambo wa wakulima au ni ofisi ya kampeni yenye baridi?

Na mbona rais ndiye anagawa? Someni Katiba, Jedwali la Nne. Ufugaji, pamoja na kuzuia magonjwa ya mifugo, ni kazi ya kaunti. Serikali kuu imebakiwa na sera. Tukubaliane basi: kama ni kazi ya kaunti, pesa ziende kaunti, na tumdai gavana. Kinachofanyika ni kwamba Nairobi inashikilia pesa ili ije kuzigawa kama zawadi, na kaunti inasema haina pesa ili isifanye kazi. Katikati hapo ng'ombe anakufa na ndigana.

Josho la kijijini kwetu nililikuta likifanya kazi nikiwa mtoto. Kila wiki ng'ombe wanapangwa foleni, maji ya dawa yananuka mpaka barabarani, sisi tunashangilia ng'ombe anaporuka. Leo ni shimo lenye majani. Kila mtu ananyunyizia dawa yake nyumbani, anavyojua yeye, kwa kipimo cha kifuniko cha soda, na anayekosa pesa hanyunyizii. Kupe hajui mpaka wa shamba. Josho lilikuwa ushirika mwingine, unaona? Tulipoliacha life tulidhani tumepoteza shimo la maji.

Daktari wa mifugo wa serikali je? Zamani alikuja na pikipiki, shosho alimjua kwa jina, na kupandisha ng'ombe kwa mbegu kulikuwa kwa bei ndogo ambayo mkulima aliimudu. Siku hizi unapiga simu kwa mtu binafsi. Wengine ni hodari sana, kuna kijana mmoja hapa nampa heshima zangu zote, usiku wa manane amekuja kumzalisha ng'ombe wetu na akakubali kulipwa kidogo kidogo. Lakini wengine ni bahati nasibu: umelipa, ng'ombe hakushika, unalipa tena, na siku zinakwenda bila ndama na bila maziwa. Hiyo hasara haionekani kwenye hotuba ya mtu yeyote.

Tukienda dukani ndiyo vichekesho. Mtu anasimama mbele ya friji akichagua. Leo nichukue Tuzo, hapana, Ilara, au Molo, au hii ya Delamere. Ndugu yangu, hizo zote ni nyumba moja, Brookside, iliyoanza 1993 mara tu baada ya soko kufunguliwa, kampuni ya familia ya Kenyatta, na 2014 Danone ya Ufaransa ikanunua asilimia 40. Hakuna kosa la sheria ninalosema hapo. Kununua kampuni si uhalifu. Nasema tu kwamba tuliambiwa soko limefunguliwa ili mkulima apate wanunuzi wengi wa kumgombania, na baada ya miaka thelathini unakuta chupa ni nyingi na wanunuzi ni wachache. Wakati New KCC ikidhoofika, hao wachache ndio wanakaa chini na mama kupanga bei, ila mama hayupo kwenye hicho kikao. Ndiyo sababu sisi kama chama lazima tuwe wakali mtu yeyote akianza kunong'ona habari ya kuiuza New KCC tena. Tulishaona filamu hiyo. Mfuko wa Kimbo wa shosho uko nyumbani, nitawaletea muusome.

Lakini sasa niwageukie ninyi. Ndiyo, ninyi mnaosoma hapa.

Kila nikiandika habari za Nyandarua kwenye makundi yetu, kuna watu wanakuja mbio: "Si mlijipeleka wenyewe 2022? Si mlipiga kura mkashangilia? Kunyweni maziwa yenu." Wanaweka na vile vikatuni vya kucheka. Naelewa hasira. Ni kweli kaunti yetu 2022 ilimpa Ruto kura nyingi sana. Mimi nilikuwa kwenye chama hiki wakati kuvaa fulana yetu hapa ilikuwa ni kutafuta vita. Niliitwa msaliti sokoni, nikanyimwa hata boda. Kwa hiyo hakuna wa kunifundisha uchungu. Ila ninauliza: mama aliyepiga kura kwa sababu aliahidiwa chakula cha ng'ombe rahisi, akadanganywa, ni adui yetu au ni mwanachama wetu ambaye hatujamfikia? Ukimcheka unamrudisha kwa yule mwenye kibuyu. Kule angalau anaitwa "watu wa maziwa". Kwetu anaitwa mjinga.

Na Juni 2024 mlipokuwa barabarani, mlidhani waliokuwa wanawatumia pesa ya nauli na maji ni nani? Kaka zangu wawili walitoka hapa Kinangop kwenda Nairobi kwa nauli ya maziwa. Mama alitoa. Hakuuliza ni chama gani.

Kuna na hii tabia ya pili, ya wakubwa wetu. Niseme nikatwe jina kwenye orodha, sawa tu. Viongozi wetu wakija huku mashinani wanafanya yaleyale. Wanapewa kibuyu, wanakunywa, wanaahidi bei. Mmoja wetu aliahidi shilingi 70 kwenye mkutano mdogo, watu wakapiga makofi, na mimi nikainamisha kichwa. Sabini kutoka wapi? Kwa nani? Tukiingia kwenye mnada wa bei za jukwaani, mwenye serikali atatushinda siku zote, yeye ana hazina mkononi. Sisi tuongee kitu ambacho yeye hawezi kukiongea kwa sababu kitamvua nguo: malipo ndani ya siku zilizotajwa kwenye sheria, na mnunuzi anayechelewa alipe riba. Kipimo cha ubora wa chakula cha mifugo kinachobandikwa hadharani, gunia la nani lina nini. Majosho na mbegu kurudi kwa pesa za kaunti zilizopelekwa kaunti, kwa wakati. Na mitambo ya kupoza iandikishwe kwa jina la sosaiti yenyewe, kwa kura za wanachama, siyo kwa kamati iliyoundwa kwenye gari la mheshimiwa. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji utajiri wa mafuta.

Vijana nao tuna kesi ya kujibu. Tunaambiwa "rudini shambani" na watu ambao watoto wao hawajawahi kushika jembe, na tunakasirika, na tuna haki ya kukasirika. Lakini ebu niambie, sosaiti ya kwenu ina wanachama wangapi chini ya miaka 35? Mwenyekiti ni nani? Amekaa miaka mingapi? Kwetu mwenyekiti aliingia nikiwa darasa la nne. Sasa nina ndevu. Mkutano mkuu ukiitwa wanakuja wazee, wanapewa soda na mkate, hesabu zinasomwa haraka kwa Kizungu, mtu anasema "napendekeza zipite", mwingine "naunga mkono", kwisha. Na sisi tuko kwenye simu tunapigana na bloga wa serikali aliyelipwa.

Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, inampa mwanachama haki ya kuhudhuria, kupiga kura, kuchaguliwa, na kupewa taarifa halali za chama chake, zikiwemo hesabu za mwaka na kumbukumbu za mikutano. Mwanachama mmoja kura moja, awe na ng'ombe mmoja au hamsini. Walowezi walielewa thamani ya hicho kiti 1925. Yule tajiri wa kununua maziwa anaielewa leo, ndiyo maana kwanza anatafuta urafiki na mwenyekiti. Sisi tunaotaka kukamata nchi 2027 hatujakamata hata mizani ya maziwa ya kijijini.

Nimeanza na kwangu. Mwezi uliopita nilienda na mama kwenye ofisi ya sosaiti, nikanunua hisa zangu za kwanza kwa pesa ya viazi. Karani aliniangalia kama nimekuja kuiba. Akaniuliza, "Wewe una ng'ombe?" Nikamwambia nina ndama mmoja jike, mama amenipa. Akaandika. Akaniuliza jina la ndama, sijui kwa nini, nadhani ni mzaha. Nikamwambia anaitwa Risiti.

Mkutano mkuu ni mwezi ujao. Tumeshakuwa vijana kumi na mmoja tulioandikishwa, wanne si wa chama chetu na hatujawauliza wahame. Tumeomba kwa barua hesabu za miaka mitatu, barua imegongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Mama ameshasema siku hiyo yeye ndiye atakamua peke yake asubuhi ili mimi niwahi kiti cha mbele.